Tangazo Nililobandika Mlangoni

Sharon, wewe uliyerithi kiti changu kule maabara, umeniomba niandike habari za kazi kwa ajili yenu vijana, na umenikumbusha mara mbili kwa simu kama mtu anayefuatilia majibu ya kipimo. Haya, nimekaa. Mambo ya vyeo na barua za kupandishwa daraja sitayagusa. Yako kwenye faili, na faili lenyewe nadhani mchwa walishalimaliza. Nitaandika vile vitu ambavyo mikono yangu bado inavitafuta kila asubuhi. Naamka saa kumi na mbili, naoga, navaa, halafu nasimama katikati ya nyumba yangu hapa Nambale bila pa kwenda. Kuku wananitazama tu.

Siku yangu ya kwanza pale hospitalini Busia nilifika nimevaa koti jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Nilimkuta Mzee Omuse, mkuu wa maabara, mtu wa kabila la Wateso wa upande wa Malaba, mrefu, miwani yake imefungwa kwa uzi. Alikuwa amesogeza meza mpaka dirishani. Hadubini yetu haikuwa na taa. Ilikuwa na kioo kidogo chini kilichonasa mwanga wa jua na kuupandisha kwenye lenzi. Wingu likipita, kazi inasimama, tunazungumza. Nilimuuliza tutapewa lini hadubini ya umeme.

"Umeme ukipotea utasoma na nini?" akasema. "Hii inakula jua. Kila kitu kinakula, msichana wangu. Kumbuka hiyo."

Sikuikumbuka. Nilidhani ni maneno ya mzee aliyezoea kukosa vifaa.

Mwezi mzima alinipa kazi ya kuosha vioo, maana wakati huo vioo vya kupakia damu havikutupwa, vilioshwa na kutumika tena. Baadaye akanikabidhi kaunta yake, kile kidude chenye vibonyezo cha kuhesabia chembe nyeupe za damu kwa aina zake. Kila chembe unayoiona unabonyeza, tik, na ukifika mia kengele inalia. Ninyi mna mashine inayomeza chupa ya damu na kutema karatasi ndani ya dakika moja. Siichukii ile mashine. Lakini haijawahi kunishika bega na kusema, "Rudi nyuma, hiyo umeipita haraka." Nalitamani lile tik kuliko ninavyotamani usingizi.

Mzee alikuwa na mazoea mawili yaliyoniudhi. La kwanza, kabla ya kumchoma mtu sindano alimuuliza, "Umekula?" Alimuuliza kila mtu, mkubwa kwa mdogo, mwalimu kwa mchuuzi. La pili, alikuja na chupa kubwa ya uji wa wimbi, na anayejibu kwamba hajakula alimiminiwa kikombe hapo hapo kwenye benchi la kungojea, isipokuwa yule aliyeambiwa na daktari asile. Mimi nilikuwa nimetoka chuoni na vitabu vyangu. Niliona uji, nzi na mende mahali pa vipimo, na kuhusu mende nasimama na neno langu mpaka leo. Lakini uji niliuona ni ushamba, na hapo ndipo nilipokosea.

Mwaka wangu wa tatu Mzee alienda likizo, akaniachia maabara. Wiki hiyo hiyo daktari mmoja alinigombeza mbele ya watu. Mgonjwa wake alipimwa sukari akiwa ameshakunywa chai na mkate, majibu yakawa juu bure. Nilichomeka. Nikachukua karatasi kubwa nyeupe na kalamu nene, na kwa mwandiko wangu niliojivunia tangu shule ya msingi nikaandika: USILE CHOCHOTE KABLA YA KUPIMWA DAMU. Nikapiga mstari chini mara mbili, nikabandika mlangoni. Sikuandika ni damu ya kipimo gani wala ni watu gani. Nilitaka tu mtu yeyote asinigombeze tena. Chupa ya uji nikaifungia kabatini. Daktari alipita akasema, "Sasa hii ndio maabara." Nilitembea siku nzima nimeinua kidevu.

Siku ambayo Mzee alikuwa arudi kazini, alikuja mama mmoja kutoka Malaba. Alikuwa muuzaji wa menvu, zile ndizi mbivu ndogo za kutoka Uganda, na kikapu chake kilikuwa bado na matunda machache chini ya kitambaa. Mtoto wake aliitwa Amoit, wa miaka mitatu. Walikuwa wamefika jana yake jioni, daktari akaagiza vipimo vya damu, wakakuta tumeshafunga. Mama alisoma tangazo mlangoni, akaenda kulala kwa dada yake, mtaa wa Burumba, na asubuhi akarudi kupanga foleni. Zamu yao ilifika saa nne.

Amoit alikuwa na miguu iliyovimba na nywele zilizopauka, nyepesi kama za mahindi. Hakulia nilipomchoma, nami nikamsifu kwa ushujaa. Mama yake akaniambia kwa sauti ya mtu aliyefaulu mtihani, "Sista, hajakula kitu. Tangu jana jioni. Nimefanya vile mmeandika."

"Vizuri sana, mama," nikamjibu.

Maneno hayo nimeyabeba miaka yote hii.

Nilipima. Vimelea vya malaria sikuviona. Joto, kadi ilisema la kawaida. Chembe nyeupe zilikuwa idadi ya kawaida kabisa, si nyingi, si chache. Nikaandika hesabu, na chini yake nikaongeza sentensi ambayo haikuwa kazi yangu kuiandika: hakuna dalili ya maambukizi. Daktari alikuwa na foleni mpaka getini. Aliisoma, akawaambia wakangoje unga wa lishe kwenye jengo la pili. Dawa hakuandika.

Mzee Omuse aliingia karibu saa tano akiwa bado na vumbi la safari. Aliona tangazo, akalisoma, akaenda moja kwa moja mezani. Alikuwa na kawaida ya kupitia vioo vya siku. Aliweka kioo cha Amoit chini ya lenzi, akageuza kile kioo kidogo kutafuta jua, akainamia lenzi.

"Hii ni ya nani?"

"Ya mtoto wa Malaba. Hesabu iko sawa, mzee."

"Hesabu ndiyo. Wewe umeziangalia ama umezihesabu tu?"

Akanipisha. Niliangalia. Nyingi zilikuwa changa, zimetolewa kwenye uboho wa mifupa kabla ya kukomaa, kama vijana wanaochukuliwa vitani bila mafunzo. Nyingine zilikuwa na vitundu vitundu ndani. Mwili ulikuwa unapigana na kitu kikubwa, na hata joto ulishindwa kupandisha.

"Mtoto amekula?" Mzee akauliza.

Yeye alishatazama mlango tena. Aliondoka mbio, mtu wa umri ule, nami nikimfuata. Tulimkuta Amoit mapajani kwa mama yake, macho nusu wazi. Mama alidhani amelala. Mashine ya sukari haikutoa hata namba. Ilionyesha tu kwamba sukari iko chini mno kupimika. Alitiliwa maji ya sukari kwenye mshipa, dawa za maambukizi zikaanza, akafumbua macho, akamtafuta mama yake. Aliishi mpaka kesho yake saa saba mchana.

Mama Amoit alipita maabara kutuaga. Alitushukuru. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaondoka na kikapu.

Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakuniambia kwamba guu linaweza kuwa la mtoto wa mwenzako.

Mzee hakunigombeza, na ningeona heri angenigombeza. Alibandua tangazo taratibu ili karatasi isichanike, akalikunja mara nne, akaniwekea mkononi. "Weka. Siku moja utampelekea mama yake, umwambie mwenyewe." Halafu akafungua kabati, akatoa chupa ya uji, akaenda kuiosha.

Sasa nikueleze kile nilichokuja kukielewa baadaye, maana hii ndiyo sababu hasa ya kukuandikia. Miaka mingi ilipita, hadubini ya umeme ikaja, na jua likabaki la kuanikia nguo. Akatokea mtafiti, Daktari Achieng, mwanamke mdogo mwenye kicheko kikubwa. Alikuwa anachunguza kwa nini watoto wenye utapiamlo hufa na maambukizi ambayo watoto wengine huyashinda. Aliomba mtu wa mikono mitulivu wa kumwandalia chembe, nikapewa mimi.

Alikuwa na dawa ya rangi ya manjano. Unatenga chembe nyeupe, unazichokoza na kipande cha bakteria aliyekufa, unazitilia ile manjano. Chembe inayopigana hutengeneza sumu ndani yake ya kuulia vijidudu, na sumu hiyo hiyo huigeuza manjano kuwa bluu nzito. Chembe isiyopigana hubaki imepauka. Tuliandaa mirija miwili kutoka damu moja, yangu mwenyewe. Mmoja tukautia sukari, mwingine tukaunyima.

Mrija wa kwanza ulikuwa mzuri mpaka nikasahau kupumua, mabaka ya bluu kila mahali. Wa pili chembe zilikuwepo, zote, hakuna iliyokimbia. Ungezihesabu ungepata idadi ile ile. Lakini karibu zote zilikuwa zimepauka.

"Ziko hai," Daktari Achieng akaniambia. "Shida ni mafuta ya kupigania hakuna."

Akanieleza kwamba chembe iliyopumzika hula kidogo na polepole. Adui akiingia haiongezi bidii tu, inabadilisha hata namna yake ya kula. Inafakamia sukari kwa pupa, inaichoma harakaharaka na kuacha masalio mengi, kama mpishi wa harusi asiyejali kuni. Kwa sukari hiyo inapata nguvu, na kwa sukari hiyo hiyo inatengeneza ile sumu. Kuna chembe nyingine, zile zinazokumbuka ugonjwa wa zamani, hizo hukaa miaka zikila mafuta ya mwilini kidogo kidogo, kama makaa chini ya majivu. Na mwili wenye njaa ya muda mrefu hupeleka habari kwa chembe zote kwamba akiba imekwisha, zipunguze kazi. Kwa hiyo mtoto hapandishi joto, hesabu haipandi, karatasi inasema yuko sawa.

Nililia pale pale, jicho likiwa bado kwenye lenzi. Msifanye hivyo, machozi yana chumvi na lenzi ni ghali. Daktari Achieng alidhani nimefurahia matokeo. Mimi nilikuwa namwona Amoit halii ninapomchoma. Hakuwa shujaa. Hakuwa na nguvu za kulia.

Msije mkachukua hapa kwamba dawa ni kumshindilia kila mgonjwa chakula. Mtu mzima mwenye afya akikosa hamu ya kula siku moja kwa homa, mwache, mwili wake una akiba na unajua unachofanya. Wala sukari nyingi si ushindi. Niliwahi kuletewa dereva wa lori aliyekwama siku nyingi kwenye foleni ya Malaba. Kidonda cha mguu wake kilikuwa kinanuka, na sukari yake ilikuwa imefurika. Chembe zake nazo zilikuwa zimelegea, kama mtu aliyekula pilau akashindwa kuinuka mkekani. Alikuwa na gazeti lililofunika kidonda, akaniuliza kama mguu utapona kabla foleni haijasogea. Nilimwambia vyote viwili vinategemea mambo yasiyo mikononi mwangu. Alicheka. Mguu ulipona, tena kabla ya foleni.

Kipimo chenye masharti ya kutokula kipo, na kifuateni. Lakini kiandikeni kwa jina lake na kwa mtu wake. Mtoto mdogo aliyekonda hana jina lake kwenye tangazo lolote la njaa. Na mwenye shibe hamjui mwenye njaa, kwa hiyo muulizeni.

Mzee Omuse alistaafu, akarudi kwake. Kila nilipokutana naye, iwe kanisani au msibani, aliniuliza kwanza kama nimekula, halafu akauliza, "Umeenda?" Nilijua anauliza nini. "Bado, mzee." Mara ya kwanza nilisingizia kazi, mara ya pili nikasingizia kwamba mama yule labda alihamia Uganda. Baadaye sikusingizia kitu. Malaba si mbali. Nilikuwa naogopa, basi. Miaka miwili kabla ya kustaafu kwangu tulimzika. Nilisimama kwenye kaburi lake na neno moja tu nililotaka kumpa, nimeenda, na sikuwa nalo. Natamani hata sasa asikie sauti yangu ikilitamka.

Siku ya kusafisha meza yangu, Sharon, ulinikuta nimekaa sakafuni na rejista ya zamani, ukafikiri nimechoka. Nilikuwa nimepata mstari wenyewe kwa mwandiko wangu mzuri: Amoit, miaka mitatu, Malaba. Mwezi uliofuata nilitoka nyumbani alfajiri, tangazo likiwa kwenye mkoba, bado limekunjwa mara nne.

Pale sokoni Malaba niliulizia kwa wauza ndizi. Mmoja mzee akasema, "Huyo aliacha menvu kitambo. Yuko huko mwisho, anauza njugu." Nilimkuta ameketi kwenye benchi anapepeta njugu karanga, maganda yanapeperuka mpaka kwenye nywele zake za mvi.

"Mama Amoit?"

Ungo ulisimama. "Hilo jina nani amekupatia? Siku hizi mimi ni Mama Etyang." Akaniangalia. "Wewe ni sista wa damu."

Nilikuwa nimeandaa maneno. Nikayaacha yote. Nilifungua tangazo, nikamwekea mapajani, nikamwambia mimi ndiye niliyeliandika, na halikuwa la watoto, halikuwa la Amoit, na njaa ya usiku ule na asubuhi ile ilimwondolea nguvu kidogo aliyokuwa nayo. Nikamwambia chembe zake zilikuwepo ila hazikuwa na nguvu za kupigana. Nikamwambia nilipaswa kuja miaka mingi iliyopita na niliogopa.

Alipitisha kidole kwenye ile mistari miwili ya chini. Mteja mmoja akaja, akasubiri, akaenda zake.

"Sista, mimi pia kuna kitu sikuwaambia," akasema. "Asubuhi ile, tukitoka kwa dada yangu Burumba, alikuwa analia njaa. Nikampatia kipande ya menvu. Kidogo hivi." Akanionyesha kwa kidole. "Halafu nikakudanganya eti hajakula. Alipokufa nikajua ni ile ndizi. Nyinyi mlikuwa mmeandika, na mimi nikavunja. Ndio nikaacha kuuza."

Miaka yote ile nilidhani ni mimi peke yangu.

"Mama, hapana," nikasema. "Siwezi kuapa mbele ya daktari, lakini nadhani kipande hicho ndicho kilichomfikisha mlangoni kwetu. Siku ile nzima, kitu sahihi alichofanyiwa mtoto kabla Mzee Omuse hajafika ni hicho."

"Kwa hivyo ilimsaidia?"

"Ilimsaidia."

Akatikisa kichwa polepole. "Aliomba ingine," akasema. "Nikamnyima."

"Ulimnyima kwa sababu mimi niliandika."

Hakukataa, na nilishukuru kwamba hakukataa. Machozi yake yalitoka bila sauti, yangu yakiwa na sauti, wanawake wa vibanda vya jirani wakageuza nyuso zao kwa heshima. Baada ya muda alifuta uso na kitambaa cha kichwa. Alilikunja tangazo kwa mikunjo yake ile ile ya zamani, akaliweka chini ya ungo. Akanitazama kuanzia viatu mpaka usoni.

"Umetoka kwako saa ngapi?"

"Alfajiri."

"Umekula?"

Nikamwambia bado. Akasogea, akanipa nafasi kwenye benchi, akafungua chupa yake ya uji.